Tiba ya Seli na Kumbukumbu ya Sheria: Ulinzi wa Mgonjwa Unaoanzia Kijijini

Na Mwandishi Wetu, Songea

Tarehe 1 Julai, 2025 Tanzania ilianza kutumia Sheria zilizofanyiwa Urekebu, Toleo la Mwaka 2023, zilizozinduliwa jijini Dodoma tarehe 23 Aprili mwaka huo na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan. Kwa mkulima wa mahindi wa Kata ya Mpitimbi, Halmashauri ya Wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma, tangazo hilo linaweza kuonekana kuwa habari ya mawakili na mahakimu. Vivyo hivyo, taarifa za seli za binadamu zinazobadilishwa maabara na kurudishwa mwilini ili kutibu saratani ya damu au selimundu zinaweza kuonekana kuwa habari za Marekani na Ulaya.

Makala hii inaeleza kwa nini mambo hayo mawili yanakutana. Tiba ya seli humfuata mgonjwa kwa miaka mingi baada ya kutoka hospitalini, ilhali sheria zinazomlinda hubadilika kipande kwa kipande katika miaka hiyohiyo. Mgonjwa na familia yake wanahitaji kujua sheria inasemaje leo, na ilisemaje siku walipotia saini.

Mzigo unaofahamika

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto anayepokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama hutengeneza himoglobini inayofanya seli nyekundu za damu zijikunje mithili ya mundu. Seli hizo huziba mishipa midogo, hukosesha viungo hewa safi, huleta maumivu makali, upungufu wa damu, maambukizi ya mara kwa mara na wakati mwingine kiharusi kwa mtoto mdogo. Kwa mujibu wa taarifa ambazo Wizara ya Afya imekuwa ikizitoa kwa umma, takriban watoto 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, idadi inayoiweka Tanzania miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani.

Kwa familia iliyo kijijini, mzigo huo huhesabika kwa nauli, siku za shamba zinazopotea na masomo ya mtoto yanayokatika. Mgonjwa wa Wilaya ya Songea anaweza kuhudumiwa katika Hospitali ya Misheni ya Peramiho, iliyomo wilayani humo, au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea. Panapohitajika huduma ya kibingwa zaidi, safari huwa ndefu: kupitia Njombe, Makambako na Iringa hadi Dodoma, au kuendelea hadi Dar es Salaam.

Seli inapogeuka kuwa dawa

Tiba ya seli zilizobadilishwa kimaabara ina matawi mawili yanayotajwa sana. La kwanza linahusu seli za kinga. Madaktari huchukua seli nyeupe za damu za mgonjwa, hasa zile ziitwazo seli T, kisha wataalamu huziwekea jeni inayoziwezesha kuitambua seli ya saratani na kuishambulia. Mwaka 2012 mtoto Emily Whitehead, aliyekuwa na umri wa miaka 6, alitibiwa kwa njia hiyo huko Philadelphia, Marekani, baada ya tiba nyingine kushindwa, na saratani yake ya damu ikatoweka. Mwezi Agosti 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa jina la Kymriah.

Tawi la pili linahusu seli shina za damu. Katika selimundu, seli hizo huchukuliwa kwa mgonjwa na kuhaririwa kwa teknolojia ya CRISPR, ambayo hukata sehemu mahususi ya jeni. Lengo ni kuondoa kizuizi kinachozima himoglobini ya mtoto mchanga, ile ambayo kila binadamu huwa nayo kabla ya kuzaliwa na ambayo haisababishi seli kujikunja. Tiba hiyo, iitwayo Casgevy, iliidhinishwa Uingereza tarehe 16 Novemba, 2023 na Marekani tarehe 8 Desemba mwaka huo. Katika utafiti uliotumiwa kufanya uamuzi nchini Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yana gharama zake. Kabla ya kurudishiwa seli zilizohaririwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuondoa uloto wa zamani, yaani ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Kwa wiki kadhaa hubaki hospitalini akiwa hana kinga ya kutosha, na dawa hiyo inaweza kuathiri uwezo wake wa kupata watoto. Bei iliyotangazwa nchini Marekani ni Dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, sawa na zaidi ya Shilingi bilioni 5. Kwa upande wa seli T, mwezi Januari 2024 mamlaka ya Marekani iliwaagiza watengenezaji kuweka onyo kuhusu uwezekano wa saratani mpya kujitokeza baada ya tiba.

Bei, hata hivyo, inaweza kubadilika. Mwezi Oktoba 2023 India iliidhinisha tiba yake ya seli T, NexCAR19, iliyotokana na ushirikiano wa Taasisi ya Teknolojia ya India mjini Bombay na Kituo cha Tata Memorial, na ikatolewa kwa takriban moja ya kumi ya bei ya Marekani. Habari hiyo inatuhusu kwa karibu, kwa kuwa India ni nchi ambayo Watanzania wengi wamekuwa wakipelekwa kwa matibabu ya kibingwa. Aidha, mwezi Oktoba 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Taasisi ya Bill na Melinda Gates zilitangaza kutenga angalau Dola milioni 100 kila moja, katika kipindi cha miaka minne, kutafuta tiba za jeni za selimundu na Virusi vya UKIMWI zitakazoweza kutolewa kwa gharama nafuu katika Afrika Kusini mwa Sahara.

Tanzania ilipofikia

Tiba za seli zilizohaririwa bado si sehemu ya huduma za kawaida katika hospitali zetu. Kilichopo ni hatua inayozitangulia, nayo ni upandikizaji wa uloto. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, kwa kutumia uloto wa ndugu anayelingana nao. Kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana kikamilifu ni mmoja kati ya minne, hivyo watoto wengi hukosa mtoaji. Hapo ndipo kuhariri seli za mgonjwa mwenyewe kunapokuwa na maana, kwa sababu hakuhitaji mtoaji.

Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, programu ya selimundu imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa tangu mwaka 2004, na imejenga wataalamu pamoja na kumbukumbu ambazo nchi nyingi za Afrika hazina. Pia ipo dawa ya vidonge ya hydroxyurea. Utafiti uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto zaidi ya 600, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, ulionesha kuwa dawa hiyo ilipunguza mashambulio ya maumivu, malaria, mahitaji ya kuongezewa damu na vifo. Mzazi wa Mpitimbi anayesikia habari za CRISPR redioni asisubiri teknolojia hiyo huku akiacha kumpeleka mtoto kliniki. Tiba iliyopo leo ndiyo itakayomfikisha mtoto kwenye tiba ya kesho akiwa na afya.

Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya vidonge

Udhibiti wa dawa umejengwa juu ya wazo la fungu moja la bidhaa. Kiwanda hutengeneza vidonge maelfu kwa maelfu, mkaguzi huchukua sampuli chache, na matokeo yake husemea fungu lote. Katika tiba ya seli, kila mgonjwa ni fungu lake mwenyewe. Seli za mtoto mmoja haziwezi kupewa mwingine, na kosa katika kuzisafirisha au kuziwekea alama halirekebishiki kwa kufungua kopo jipya.

Sheria kuu ya dawa Tanzania Bara ni Sura ya 219. Inaipa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) jukumu la kusajili dawa, kukagua viwanda, kuidhinisha majaribio ya dawa kwa binadamu na kufuatilia usalama wa dawa zilizo sokoni. Msingi wa taasisi hiyo ni imara: mwezi Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa mfumo wa udhibiti wa dawa wa Tanzania umefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, wa kwanza kufikia ngazi hiyo barani Afrika.

Hata hivyo, historia ya sheria hiyo inafundisha jambo. Ilitungwa mwaka 2003 ikiitwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, wakati ambapo hakuna nchi iliyokuwa imeidhinisha seli za kinga zilizobadilishwa jeni. Kymriah ilikuja miaka 14 baadaye. Mwaka 2019 jina lake lilibadilishwa, na usimamizi wa chakula na vipodozi ukahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Mabadiliko hayo hayakuja kwa Muswada wa dawa. Yalikuja ndani ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, ambayo wananchi wengi huifuatilia kwa ajili ya kodi na tozo. Mtu aliyeshika nakala ya mwaka 2003 na kuiamini, angepeleka lalamiko la chakula kwa taasisi isiyohusika tena, na angetafuta mamlaka ambayo jina lake halipo.

Ulinzi wa mgonjwa umetawanyika vilevile katika sheria nyingine. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inasimamia uchukuaji, usafirishaji, uchunguzi na uhifadhi wa sampuli za vinasaba, chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina nafasi ya pekee katika utoaji wake. Sampuli zinapopelekwa nje ya nchi huhitaji mkataba wa uhamishaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaja taarifa za vinasaba kuwa taarifa nyeti na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya mipaka. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2022, lakini ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Kati ya tarehe hizo mbili, mwananchi aliyeamini kwamba tayari inamlinda alikuwa bado hajafikiwa na ulinzi huo.

Kwa upande wa Zanzibar, afya si jambo la Muungano. Udhibiti wa dawa huko uko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar na sheria zake. Msomaji wa sheria hana budi kuangalia pia inatumika wapi.

Kanzidata na thamani ya tarehe

Mkulima wa Mpitimbi analielewa vizuri jambo hili kupitia mbolea ya ruzuku. Bei elekezi ya msimu uliopita haimsaidii dukani msimu huu, na mwongozo wa mwaka juzi unaweza kumkosesha mbolea. Swali lake la kwanza huwa ni kama tangazo alilonalo ni la msimu huu. Swali hilohilo ndilo linalopaswa kuulizwa kuhusu sheria.

Kanzidata za sheria zimejengwa kulijibu. TanzLII, inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania, huweka bila malipo hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu pamoja na sheria za nchi. Kenya inayo Kenya Law na Uganda inayo ULII. Katika kanzidata iliyopangwa vizuri, sheria moja huonekana pamoja na historia yake: ilipotungwa, ilipoanza kutumika, sheria gani iliirekebisha na tarehe gani. Msomaji anaweza kulinganisha maneno ya zamani na ya sasa.

Thamani ya historia hiyo inaonekana wazi katika tiba ya seli. Mamlaka ya Marekani inapendekeza mgonjwa aliyepewa seli zilizohaririwa afuatiliwe kwa miaka 15. Tuchukulie mtoto wa miaka 10 ambaye mzazi wake ametia saini ya ridhaa. Atafikisha miaka 18, umri wa utu uzima kisheria, akiwa katikati ya ufuatiliaji, na atautimiza akiwa na miaka 25. Katika kipindi cha miaka 15 kilichoishia mwaka 2023, Tanzania ilipata sheria ya vinasaba na sheria ya taarifa binafsi, ikabadilisha jina na mipaka ya sheria ya dawa. Mgogoro ukizuka mwaka wa 12 wa ufuatiliaji, mtu huyo atahitaji kuonesha sheria ilivyokuwa siku ya ridhaa na ilivyo siku ya lalamiko. Bila kumbukumbu yenye tarehe, mwenye wakili mzuri ndiye atakayekuwa na historia, na mgonjwa atabaki na karatasi yake.

Toleo la Mwaka 2023 linapunguza sehemu ya tatizo hilo kwa kuunganisha marekebisho yaliyotawanyika kuwa maandishi mamoja. Lakini nalo linahitaji uangalifu, kwa kuwa katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimepangwa upya. Fomu ya hospitali au ya utafiti iliyochapishwa kabla ya Julai 2025 inaweza kutaja kifungu ambacho sasa kinasema jambo jingine. Taasisi zinazowasainisha wananchi fomu hizo zina wajibu wa kuzihuisha.

Yaliyosalia

Itakuwa si haki kumwambia mwananchi kwamba kanzidata imemaliza kazi. Kwanza, maandishi rasmi ya sheria ni yale yanayochapishwa katika Gazeti la Serikali, na kanzidata inaweza kuchelewa. Kwa mujibu wa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, sheria huanza kutumika siku inapochapishwa katika Gazeti hilo, isipokuwa tarehe nyingine imewekwa. Kwa hiyo anayesoma kanzidata aangalie imehuishwa hadi lini.

Pili, lugha. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri sheria imekuwa ikiendelea. Lakini hukumu nyingi za miaka iliyopita ziko kwa Kiingereza, na msamiati wa tiba ya seli ndiyo kwanza unajengwa. Fomu ya ridhaa inayosema "seli shina" bila kueleza ni nini haijapata ridhaa ya mtu, hata kama imepata saini yake.

Tatu, intaneti na gharama yake. Ndiyo maana ofisi ya kijiji, ofisi ya kata na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wana nafasi kubwa. Nakala moja iliyohuishwa katika ofisi ya kata, na mtendaji anayejua kuitafuta, inaweza kuwahudumia watu wengi.

Nne, na hili ni la watunga sera, sheria ya dawa itahitaji kanuni zinazoitaja tiba ya seli waziwazi: nani atakagua maabara zinazobadilisha seli, nani atamfuatilia mgonjwa miaka 15, na nani atawajibika kampuni ikifungwa katikati ya kipindi hicho. Uzoefu wa upandikizaji wa uloto Dodoma unaipa nchi mahali pa kuanzia, na muda mzuri wa kuandika kanuni ni kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia wodini.

Kabla ya kuuza shamba

Matumaini makubwa huvuta pia wenye nia mbaya. Katika nchi nyingi wamejitokeza watu wanaouza sindano za "seli shina" kwa kila ugonjwa, kuanzia kisukari hadi kupooza, bila kibali cha mamlaka yoyote ya dawa. Familia inayoambiwa iuze shamba au ng'ombe ili kulipia tiba ya namna hiyo inapaswa kusimama kwanza na kuuliza maswali manne.

Je, tiba hii imesajiliwa na TMDA, au ni jaribio lililoidhinishwa, na kibali chake kina namba gani? Je, damu au sampuli ya mtoto itakwenda wapi, na kwa mkataba gani? Je, nani atamfuatilia baada ya kurudi nyumbani, na kwa gharama ya nani? Na je, sheria inayotajwa katika fomu ndiyo inayotumika leo?

Maswali matatu ya mwanzo yaelekezwe kwa daktari anayemhudumia mgonjwa, kisha kwa mamlaka husika. La nne linaweza kuanzia kwenye simu ya kijana wa kijiji au meza ya mtendaji wa kata. Nakala ya fomu iliyotiwa saini, ikiwa na tarehe yake, ibaki mikononi mwa familia na itunzwe kama inavyotunzwa hati ya shamba, kwa kuwa itahitajika mtoto atakapokuwa mtu mzima.